Sashiko: usianze na jani la bangi

Naomba nitoe ushauri kabisa kabla sijasahau. Kama umeona Instagram zile video za sashiko, yani ushonaji wa mkono wa Kijapani, ukavutiwa ukasema na wewe ujaribu, tafadhali usianze na asanoha. Asanoha ni ile paterni ya nyota zenye ncha sita zilizobanana, ndo inayopigwa picha kuliko zote na ndo kila mtu anaitaka. Ni jani la katani ya Kijapani, sio mkonge wa kwetu, na huo mmea, tusifichane, ni bangi ileile, ila ya kutolea nyuzi. Kwa hiyo ndiyo, Wajapani kwa miaka na miaka wamewashonea watoto wachanga nguo zenye jani la bangi na hakuna polisi aliyegonga mlango. Mmea wenyewe unakua haraka na unanyooka, sasa mzazi anaomba mtoto wake akue hivohivo. Ni nzuri mno. Ila ina kona nyingi, na kona ndo zinamuumbua mtu anayeanza, ntaelezea.

Mi nipo Sendai, kaskazini mashariki mwa Japani, eneo wanaloliita Tohoku. Nimekuja kusoma, na kituo cha jamii cha mtaa wetu kina darasa la sashiko, wamama watu wazima watupu, mimi peke yangu kijana na mimi peke yangu mgeni. Tunalipa hela kidogo ya chai na uzi. Anayetufundisha tunamwita Sensei tu kama ilivyo kawaida ya huku, ana zaidi ya miaka themanini na haongei sana, anakuonesha mara moja afu anakuacha.

Nilipompigia mama Tanga kwa video nikamwonesha kitambaa, alikiangalia akakaa kimya, afu akasema, "Mwanangu, hii si bandi tu? Yani umevuka bahari yote hiyo kwenda kujifunza kupiga bandi?"

Nikacheka maana yuko sahihi kabisa. Sindano inazama, inaibuka, inazama, inaibuka, basi. Hakuna mshono mwingine. Tofauti ni kwamba bandi ya kwetu ni ya muda, fundi anaipiga kitambaa kisihame, akishapitisha cherehani anaichomoa anatupa. Huku bandi ndo kazi yenyewe, inabaki hapo mpaka nguo iishe. Na ukiuliza kwa nini watu walikaa wakapiga bandi nguo nzima, mgongo, mabega, mikono, jibu ni baridi na umaskini. Hilo ukilielewa mapema utajifunza haraka kuliko mimi niliyekuwa nakariri sheria, kwa sababu kila sheria ya sashiko, hata ile inayoonekana ni uzee tu wa watu wazima, imetokana na nguo iliyotakiwa kuvaliwa shambani kwenye theluji, ikafuliwa, ikavaliwa tena, ikarithiwa na mtoto.

Huku pamba haioti, baridi haiiruhusu. Kilichokuwa kinaota ni katani, na nguo ya katani ni imara kwelikweli lakini ina matundu, upepo unapita unavyotaka. Afu kule Tsugaru, ambako sasa ni magharibi ya mkoa wa Aomori, mwaka 1724 watawala wakatoa amri ya kubana matumizi, wakulima wasivae nguo za pamba. Fikiria sasa, pamba haioti kwako, na ikiletwa kutoka mbali huruhusiwi kuivaa. Wanawake wakachukua kile kitambaa cha katani kilichotiwa nili wakaanza kupitisha uzi humohumo, mwanzoni uzi wa katani, baadae wa pamba ulipoanza kupatikana, mstari kwa mstari mpaka matundu yakazibika. Kumbe ukihesabu nyuzi vizuri wakati unaziba, inatokea paterni. Ile ya Tsugaru inaitwa kogin, unahesabu nyuzi za kitambaa kwa namba witiri, moja, tatu, tano. Majirani zao wa Nanbu, mkoa huohuo lakini upande wa mashariki, wanahesabu kwa namba shufwa na paterni zao zinalala zaidi kwa upana. Vipaterni vidogo vya kogin vina majina ya nyumbani kabisa, kuna jicho la paka, kuna ng'ombe, kuna haragwe. Reli kutoka Tokyo ilipofika Aomori mwaka 1891 pamba ikawa rahisi na kogin ikaanza kufa taratibu, mpaka miaka ya 1930 watu kama Soetsu Yanagi, yule mtetezi wa kazi za mikono za watu wa kawaida, wakaanza kuiandika na kuisifia.

Kabla ya reli kulikuwa na meli. Meli za biashara zilitoka Osaka zikipanda na pwani ya magharibi kuelekea kaskazini, na kati ya mizigo yao kulikuwa na matambara, nguo kuukuu za watu wa mjini. Kule kaskazini yalinunuliwa yale! Unayapanga tabaka juu ya tabaka, unapiga mishono kushikilia, nguo inapata joto. Kuna usemi wa Kijapani kwamba kipande cha nguo kinachoweza kufunga punje tatu za maharage mekundu usikitupe. Hivo viraka juu ya viraka ndo vinaitwa boro siku hizi, na ukitaka kununua boro halisi ya zamani andaa hela maana wanazigombania wakusanyaji wa dunia nzima. Chuzaburo Tanaka, mtu wa Aomori aliyefariki 2013, alizunguka vijijini miaka mingi akizikusanya wakati wenyewe walikuwa wanaziona aibu. Vitu vyake vilioneshwa kwenye jumba moja la Asakusa, Tokyo, Amuse Museum, kuanzia 2009 mpaka lilipofungwa 2019. Kwenye mkusanyo wake kuna donja, majoho mazito ya kulalia, viraka vitupu, familia inajifunika humo pamoja usiku ili joto la mwili la huyu limfikie yule. Mi sina ugomvi na fasheni, ila nikiona jinzi mpya imechanwa makusudi dukani ili ishonwe sashiko, iuzwe mara tatu ya bei, nacheka peke yangu.

Haya, turudi kwenye sindano.

Sheria ya kwanza utakayopigiwa kelele ni kulegeza uzi. Kila ukimaliza mstari unaushika mwanzoni kwa vidole viwili, unakisugua kitambaa kuelekea ulipoishia, taratibu, mpaka mikunjo yote inyooke na uzi ujigawe sawa. Wanaita itokoki. Wageni wengi tunaona kama ni mapambo, tunairuka, tunaendelea mstari wa pili. Kitambaa cha mwanafunzi mpya utakijua kwa mbali, kimejikunja pembeni na katikati kimefura. Lakini sababu yenyewe sio sura. Ile nguo itafuliwa, itasinyaa, na uzi hausinyai sawa na kitambaa, afu mtu atainama na kubeba mzigo nayo, kwa hiyo uzi uliokazwa utakatika au utachana kitambaa. Kwenye kona ni hivohivo, ukigeuza unaacha kitanzi kidogo cha uzi kwa nyuma, kilegee. Kitambaa kikivutwa kile kitanzi ndo kinatoa akiba. Sasa asanoha ina kona kila baada ya mishono michache, kila kona mshono unatakiwa ufike pointi yenyewe hasa, sio kabla sio baada, na kila kona inataka akiba yake. Unaona kwa nini nimesema usianze nayo.

Ya pili, hamna kupiga fundo. Fundo linakwaruza ngozi na likifuliwa sana linaachia. Badala yake unaanza kushona kinyume, mishono mitatu minne kurudi nyuma, afu unageuka unapita juu ya mishono yako mwenyewe kwenda mbele. Inakaa. Mwanzo sikuamini kama itakaa, nikaifua na mashine ya kufulia nione, iko palepale.

Ya tatu ni ndogo ila naipenda. Mistari mingi ikikutana sehemu moja, mfano katikati ya nyota, nyuzi zisikanyagane. Unaacha katundu, mishono inaishia kukizunguka. Usipofanya hivo panakuwa na nundu, na nundu ndo inasuguliwa na kuliwa kwanza.

Urefu wa mshono ni punje ya mchele kwa juu, na kwa chini ufupi kidogo, tatu kwa mbili. Usipime kila mshono, utachanganyikiwa. Sensei anasema macho yatazoea kabla vidole havijazoea, na kweli nilianza kuona mshono mbaya wiki nyingi kabla sijaweza kushona mzuri, kipindi kibaya hicho, unajua kabisa kwamba ni mbaya na huna la kufanya.

Ila kilichonichukua muda kuliko vyote ni mikono. Sisi tumezoea sindano ndo itembee, unaipenyeza, unaivuta, unaipenyeza. Hapa sindano haiendi popote! Ni ndefu kuliko tuliyozoea, mkono wa kulia umeishika imetulia, na upande wa tundu umeegemea kwenye subana. Na subana yao haivaliwi kwenye ncha ya kidole, ni kama pete yenye kisahani, unaivaa kidole cha kati na kisahani kinakaa huku kiganjani, chini ya kidole. Sindano ikishaegemea hapo, mkono wa kushoto ndo unafanya kazi, unakiinua kitambaa na kukishusha, juu chini juu chini, kinajikusanya chenyewe kwenye sindano mishono mingi kwa pamoja, afu ndo unavuta uzi mara moja. Ndo maana hawatumii zile fremu za duara za kudarizia, kitambaa kikishakazwa kwenye fremu utakiinua vipi? Wamama wa darasani wakishona wanapiga stori za wajukuu, hawaangalii kabisa, na mstari umenyooka. Mi nikiongea tu nimepotea. Siku mkono ulipokubali sikujua umekubali, nilisikia tu sauti ya uzi ukipita kwenye kitambaa imebadilika, imekuwa moja ndefu, na yule mama wa jirani yangu akanigeukia akatikisa kichwa kukubali akaendelea na stori zake.

Sasa uanze na nini? Hitomezashi. Paterni za sashiko zimegawanyika makundi mawili makubwa, kuna zile za kufuata mistari iliyochorwa, mawimbi, miduara inayoingiliana, gamba la kobe, hiyo asanoha, na kuna hitomezashi ambapo unachora vimraba tu vya milimita 5, kitambaa kizima, na kila mshono ni urefu wa mraba mmoja. Unashona mistari yote ya mlalo kwanza. Yote. Mshono mmoja juu, mmoja chini, mpaka mwisho wa kitambaa, na kwa muda wote huo unachokiona ni vijistari vilivyotawanyika, huoni kitu chochote cha maana, unaweza ukakata tamaa ukasema nimekosea. Afu unageuza kitambaa unaanza ya wima. Mstari wa kwanza bado. Wa pili bado. Kwenye watatu wanne unaona pembe zinafungana, na ghafla kuna maua, maua ya mti wa kaki, lile tunda la rangi ya chungwa la huku, yamejaa kitambaa kizima na hujachora hata ua moja. Na nyuma nako kuna paterni yake. Mi hiyo kitu mpaka leo inanifurahisha kama mtoto, na sio uchawi, ni hesabu tu ya mraba upi uanze juu na upi uanze chini, ukikosea mraba mmoja kwenye milalo ua litakataa kufunga na utajua ni wapi hasa. Kabla ya maua hayo wengi wanaanza na misalaba mitupu, mlalo na wima vinakatana, na ukiongeza mishono ya mshazari juu ya misalaba unapata ile wanayoiita ya mchele.

Cha kushonea ni kitambaa cha kufutia vyombo. Wanakiita fukin, pamba nyepesi nyeupe yenye upana wa sentimita 34 hivi, unaikunja tabaka mbili unashona pembeni, unageuza ndani nje, mraba umepatikana. Tabaka mbili ni uleule mchezo wa zamani wa kuongeza unene, na mwanzo wa uzi unaufichia katikati. Watu wakishamaliza wanakiwekea fremu ukutani, ni haki yao, lakini mi nakwambia kitumie. Futia meza, futia vikombe, fua. Mishono iliyoshonwa vibaya itakwambia yenyewe baada ya kufua mara kadhaa, hutahitaji Sensei. Na iliyoshonwa vizuri inazidi kuwa mizuri, uzi unafura kidogo unajaa.

Naona hapa watu wa judo wameshanielewa. Wanaocheza judo Zanzibar na kwingine, lile koti lenu zito lenye vinundu vya mchele ni ukoo huuhuu, kitambaa chake kinaitwa sashiko vilevile ingawa siku hizi mashine ndo inafuma. Koti la kukamatwa na kuvutwa lazima liwe la hivo. Na kabla ya judo kulikuwa na wazima moto wa Edo, yani Tokyo ya zamani, mji wa mbao uliokuwa unaungua kila mara. Walivaa makoti ya tabaka kadhaa za pamba yaliyoshonwa sashiko mwili mzima, wanamwagiwa maji mpaka yalowe ndo wanaingia, maana tabaka zilizoshonwa hivo zinashika maji mengi. Nje koti ni la kawaida, ndani limechorwa madude, joka, simba, mashujaa wa hadithi. Moto ukishazimika wanaligeuza wanatembea nalo barabarani watu waone. Kwenye Shonai, mkoa wa Yamagata, kuna vizibao vya kuvutia sleji za kuni, zile zinazoburutwa kwenye theluji, na pale begani kamba inapopita mishono imerundikana kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukikiangalia unajua mtu alivuta kwa bega lipi.

Kuna hadithi moja ya karibuni inayotugusa na sisi. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliupiga mji wa Otsuchi, mkoa wa Iwate, pwani hii hii yetu ya Tohoku, zaidi ya watu 1,200 wakafa au kupotea kwenye mji mdogo tu. Waliobaki wakawekwa kwenye kambi, kwenye kumbi za michezo, familia na familia. Wanaume angalau walikuwa na kifusi cha kuondoa, lakini mabibi na wamama wengi walikaa tu, jiko hawana, kazi hawana. Shirika la Terra Renaissance la Kyoto na watu wa kujitolea wakawapelekea sindano na uzi, kwa sababu sashiko haihitaji nafasi, nafasi ya kukaa inatosha. Wakashona vitambaa vikauzwa, ikawa mradi, miaka ikaenda, baadae wakafanya kazi mpaka na kampuni ya nguo ya KUON ya Tokyo. Na hawa Terra Renaissance ndo haohao walioko Gulu, Uganda, miaka yote hii, wakiwafundisha cherehani na useremala watu waliotekwa na waasi wakiwa watoto wakafanywa askari. Nilivyolijua hilo nikamtumia rafiki yangu wa Kampala meseji, akanijibu "kumbe mnatuiga," nikamwacha aamini.

Mama naye ameshabadilika. Kuna mke wa mjomba Unguja anashona kofia za mkono za kuuza, zile za tabaka mbili zenye vishimo na nakshi nyeupe juu ya nyeupe, na mama kampelekea picha zangu. Jibu lililorudi ni kwamba mishono yangu mikubwa mno. Kwa mtu wa kofia, ni kweli.

Mnaouliza vifaa mkiwa nyumbani. Huku nanunua kitambaa na uzi kwenye maduka ya yeni 100, wala usidanganywe na maboksi ya bei ghali ya onlaini, ndani ni kitambaa kimoja na uzi mmoja. Kwenu nunua marekani nyepesi, ifue kwanza itoke wanga, ikauke, ikunje mbili. Uzi wa sashiko ni pamba isiyosokotwa sana na hauna mng'ao, karibu yake ni uzi wa kudarizi wa nyuzi sita, tumia nne au zote sita kulingana na kitambaa. Ule wa kufumia vitambaa vya makochi unafaa kwa shida, umesokotwa mno haujazi. Sindano tafuta ndefu na yenye tundu kubwa. Uzi ukate urefu wa mkono wako mara moja na nusu usizidi, ukizidi utakwanguka kabla hujamaliza mstari na utajifunga njiani. Mistari chora kwa rula na penseli nyepesi kwenye nyeupe, kwenye bluu tumia kipande cha sabuni kilichokauka kama mafundi wanavyofanya. Na ukipata zile kalamu zinazofutika kwa maji, usipige pasi kabla hujafua, wino ukishapata moto unaganda humo na hautoki tena.